Kutafuta Kazi kwa Kulenga: Mada kwa Wakazi wa Kata ya Kingolwira



Kutafuta kazi kuna gharama zake, na gharama hizo humwangukia mtu ambaye bado hana kipato. Kuna nauli ya daladala hadi Msamvu, kuna fedha ya kuchapisha na kudurufu vyeti, kuna kifurushi cha intaneti, na kwa aliyeitwa kwenye usaili mbali na nyumbani kuna chakula na malazi. Aghalabu anayelipa ni mzazi au mwenzi wa ndoa, kwa mahindi yaliyouzwa kabla ya wakati wake. Kwa sababu hiyo bahasha ishirini zenye barua ileile, zilizogawanywa kwenye mageti ishirini, hazistahili kuitwa juhudi. Mwajiri anayesoma barua isiyotaja kazi anayoitoa huiweka kando, na aliyeituma hurudi nyumbani akiamini kwamba amejitahidi.

Mtafuta kazi anayelenga huanza kwa kuuliza maswali matatu: nani huajiri watu wenye ujuzi huu, huwaajiri lini, na hudai nini mlangoni. Kwa mkazi wa Kingolwira majibu yako karibu. Manispaa ya Morogoro ina eneo la viwanda la Kihonda, ina viwanda vya kusindika tumbaku, ina Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilichoanzishwa mwaka 1984, na imezungukwa na mashamba, maghala, shule na hospitali. Kazi nyingi za viwandani ni za msimu. Kiwanda cha tumbaku huhitaji mikono mingi mazao yakishafika kutoka kwa wakulima, na cha sukari huihitaji miwa inapokatwa. Anayefika getini msimu ukiwa umekwisha ataambiwa kwamba hakuna kazi, na ataambiwa kweli. Aliyeulizia mapema tarehe ya kuanza kwa msimu, na jina la ofisi inayoandikisha vibarua, amekwisha kuokoa nauli za wiki kadhaa.

Ipo dhana katika kata hii kwamba kuishi jirani na Gereza la Kingolwira ni njia ya mkato ya kuingia katika Jeshi la Magereza. Sivyo. Nafasi za askari hutangazwa kitaifa, zikiwa na masharti ya umri, elimu na afya yaliyo sawa kwa mwombaji wa Kingolwira na wa Kigoma.

Nafasi nyingi za utumishi wa umma hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na maombi hutumwa kwa mfumo wake wa kielektroniki. Hapa ndipo vijana wengi wenye sifa huangukia, na si kwa kukosa akili wala elimu. Wapo wanaofunguliwa akaunti na mhudumu wa steshenari kwa barua pepe ya mhudumu huyo. Miezi sita baadaye mhudumu amehama, neno la siri halijulikani, na tangazo lina siku tatu tu kabla ya kufungwa. Barua pepe na namba ya simu zinazotumika ziwe za mwombaji mwenyewe, na neno la siri liandikwe kwenye daftari linalokaa nyumbani.

Tatizo la pili ni majina, na linahitaji kuelezwa kwa kirefu kidogo kwa kuwa huchukua muda mrefu kulirekebisha. Mtoto aliandikishwa shule kwa jina la babu, cheti cha kuzaliwa kikatolewa baadaye kwa jina la baba, na Namba ya Kitambulisho cha Taifa ikapatikana kwa tahajia ya tatu. Nyumbani kila mtu anajua kwamba Mwanaidi na Mwanahidi ni binti mmoja. Katika chumba cha usaili ni watu wawili, na msailiwa hutakiwa kuwa na hati ya kisheria iliyosajiliwa inayothibitisha kwamba majina yote ni yake. Hati hiyo haipatikani kwa siku mbili. Kwa hiyo kila mwenye nia ya kuomba kazi aviweke vyeti vyake vyote mezani jioni moja, asome majina herufi kwa herufi, na kama kuna tofauti aanze kuishughulikia kabla tangazo halijatoka.

Ikumbukwe pia kwamba matangazo ya Sekretarieti husema wazi kuwa hati za matokeo ya kidato cha nne na cha sita hazikubaliki badala ya cheti chenyewe. Aliyeacha cheti chake shuleni kwa sababu ya deni au uvivu wa kukifuata, akifuate sasa. Kwenye usaili huhitajika vyeti halisi, na msailiwa hujigharamia usafiri, chakula na malazi. Asiyeitwa hajafungiwa mlango, anaruhusiwa kuomba tena nafasi nyingine zinapotangazwa.

Kundi linalostahili kuzungumziwa kuliko yote ni la mafundi wasio na cheti. Katika kata hii wapo makanika waliojifunza chini ya gari tangu wakiwa wavulana, waashi waliojenga nusu ya nyumba za mtaa wao, mafundi cherehani na wapishi ambao hawajawahi kukaa darasani kujifunza walichokimudu. Mwajiri rasmi akiuliza cheti, hunyamaza, na hurudi kufanya kibarua kwa malipo ya msaidizi ilhali yeye ndiye anayemfundisha mwenye cheti. Huo ni upotevu, na unarekebishika. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi wa mafunzo. Fundi hupimwa katika kazi anayoifanya, penye upungufu huelekezwa, na akifaulu hupewa cheti kinachotambulika. Haanzi upya mwaka wa kwanza pamoja na wanafunzi anaoweza kuwazaa. Chuo cha VETA kipo Kihonda, na maelezo ya fani zinazopimwa na muda wa kupimwa hupatikana hapo. Kwa fundi mwenye miaka kumi kazini, safari hiyo moja ina thamani kuliko barua hamsini za maombi.

Mahali pengine pa kulenga pako mlangoni kabisa. Kila mwaka, mwanzoni mwa Agosti, Maonesho ya Nanenane ya Kanda ya Mashariki hufanyika katika Viwanja vya Mwalimu Julius Nyerere, na hukutanisha taasisi na kampuni za mikoa ya Morogoro, Pwani, Tanga na Dar es Salaam. Wengi huenda kutazama ng'ombe na kunywa soda, na hakuna ubaya. Lakini wauzaji wa mbegu, wa pembejeo na wa mashine, pamoja na vyuo na taasisi za fedha, husimama pale siku nzima wakiwa tayari kujibu maswali. Mtafuta kazi aliyechagua mabanda manne au matano, akauliza kila moja linaajiri wauzaji au mafundi wa aina gani na kwa utaratibu upi, akaandika majibu na namba ya ofisi, ameingia ndani ya mageti ambayo mwaka mzima humkutanisha na mlinzi tu.

Treni ya mwendokasi iliyoanza safari za Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024 imewafanya wengine waitazame Dar es Salaam kama soko la ajira la jirani. Kwa usaili wa siku moja, ni kweli. Kwa kwenda na kurudi kila siku, hesabu ifanywe kwanza. Nauli ya daraja la kawaida iliyotangazwa safari zilipoanza ilikuwa shilingi 13,000 kwa mtu mzima. Kwenda na kurudi siku 26 za mwezi ni shilingi 676,000, na bado mtu hajala.

Kuhusu matapeli, alama yao haijabadilika: huomba fedha kwanza, iwe ya fomu, ya sare au ya "kumwona mkubwa". Kuomba kazi kupitia Sekretarieti ya Ajira hakulipiwi. Na kwa mabinti na akina mama, anayedai mwili ili atoe kazi anatenda kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Taarifa hupokewa na TAKUKURU kwa simu ya bure namba 113, na anayeitoa mapema huwaokoa pia wanaomfuata kwenye foleni.

Kazi ikipatikana, jambo moja bado. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri, mfanyakazi anapoanza kazi, ampe kwa maandishi maelezo ya kazi yake, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, mahali pa kazi, saa za kazi na ujira. Mfanyakazi asiyeyaelewa maandishi hayo ana haki ya kufafanuliwa kwa namna anayoielewa. Ukitokea mgogoro na mwajiri akashindwa kuonesha maandishi, ni yeye anayebeba mzigo wa kuthibitisha anachodai. Sharti hilo halimhusu anayemfanyia mwajiri mmoja kazi chini ya siku sita kwa mwezi, lakini kibarua wa msimu mzima kiwandani linamhusu. Nakala yake itunzwe pamoja na vyeti, na asiyepewa aulize Ofisi ya Kazi ya Mkoa.