Bei ya Kahawa na Afya ya Akili

Mwaka 1989 mpango wa kimataifa wa kugawia nchi kiasi cha kahawa ya kuuza ulivunjika. Bei ikaanguka, na hapa Nyeri baadhi ya wakulima wakang'oa mikahawa. Hata leo bei hufuata soko la New York, lakini karo na deni la mbolea hudaiwa hapa nyumbani. Baba hukimbilia pombe, mama hunyamaza.

Mtu akikosa usingizi, hamu ya chakula na furaha kwa wiki 2 mfululizo, huo si uvivu wala kurogwa. Ni ugonjwa, na una matibabu. Mpelekeni kituo cha afya. Akisema afadhali afe, msimwache peke yake. Mfikisheni hospitali siku hiyo hiyo.