Friji Ikikuwasha Mkono: Maongezi na Vikundi vya Likoni, Kisauni na Changamwe



Kuna neno tunalolisikia kila tukizuru vikundi. Mtu anasema, "Friji yangu hunipiga shoti kidogo, lakini ni ile ya kawaida tu, haidhuru." Mwingine ni mabati ya jikoni, mwingine ni pasi. Na mara nyingi anayemtoa hofu ni dada aliyewahi kufanya kazi za nyumbani Saudia au Dubai: "Hata kule nilikuwa nikipigwa nikishika kitasa cha mlango." Ni kweli alikuwa akipigwa. Lakini haya ni mambo mawili mbalimbali, na kuyachanganya kunaweza kuua mtu.

Kule Ghuba nyumba nyingi zina eisi mchana na usiku, nayo eisi hukausha hewa. Chini pana zulia. Ukitembea juu ya zulia, mwili hujikusanyia umeme wa msuguano, na ukigusa chuma unatoka wote mara moja: ta! Volti zake zaweza kuwa maelfu, lakini umeme wenyewe ni kidogo mno, unakwisha kabla hujasema "mama wee." Dawa yake ni rahisi. Vaa pamba badala ya nailoni, pangusa sakafu kwa kitambaa kibichi, na ukitaka kushika chuma kiguse kwanza kwa ufunguo ulio mkononi.

Huku kwetu hewa ina unyevu karibu mwaka mzima. Unyevu ule ule unaogandisha chumvi ndani ya mkebe ndio unaoondoa umeme wa msuguano kabla haujakusanyika. Pahali tunapopaswa kuuogopa hapa ni penye petroli tu. Mvuvi au mtu wa bodaboda anayejaziwa mtungi wa plastiki auweke chini sakafuni, si juu ya kiti cha pikipiki, na mafuta yamiminwe polepole. Cheche moja ndogo yatosha kuwasha mvuke.

Basi ukipigwa shoti nyumbani Mtongwe, Mishomoroni au Chaani, usiseme upesi ni msuguano. Jiulize: nikigusa tena, inanipiga tena? Ya msuguano hupiga mara moja ikaondoka. Ikiwa inawasha kila ukigusa, kama sisimizi wanaotembea mkononi, hiyo ni stima ya nyumba inayovuja, volti 240, na haikwishi mpaka swichi izimwe. Tuseme ukweli: vyombo vingine vya plagi ya miguu miwili, kama visanduku vya televisheni, huwasha kidogo hata vikiwa vizima. Lakini kwa mkono huwezi kupima tofauti. Mwite fundi.

Tena msidanganywe na ndara. Baba amevaa ndara za mpira, anafungua friji, hasikii kitu. Mtoto anatoka kuoga, miguu mitupu, sakafu ya saruji imelowa, anashika mlango ule ule. Hapo mkono hujikaza wenyewe, hata akitaka kuachia hawezi.

Sasa jambo kubwa, na ndilo lililotufanya tuzungumze na vikundi badala ya mtu mmoja mmoja. Wengi wetu twakaa nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita au vinane, mita moja. Waya wa ardhi, ule wa kijani na manjano, unapita vyumba vyote na kuishia kwenye chuma kilichopigiliwa mchangani. Chumvi ya bahari hula kile chuma na kiungo chake, au fundi wa pembeni alikata waya zamani "ili shoti iishe." Jirani wa chumba cha tatu akiwasha pasi mbovu, stima iliyovuja haina njia ya kuingia ardhini. Hurudi kwa waya huo huo mpaka kwenye friji yako wewe wa chumba cha kwanza! Unaita fundi wa friji, anasema friji ni nzima, na kweli ni nzima. Ndiyo maana mpangaji mmoja hawezi kumaliza neno hili peke yake.

Kwa hivyo wapangaji wa nyumba moja waende pamoja kwa mwenye nyumba. Mwulizeni kile chuma kiko wapi na kilikaguliwa lini. Aombwe fundi mwenye leseni ya EPRA, si kijana wa mtaani mwenye bisibisi tu. Kwenye meni swichi tafuteni kidude chenye kitufe cha herufi T. Ukikibonyeza, stima ikatike. Isipokatika, ni kibovu. Kama hakipo, merigoraundi ya mwezi mmoja yaweza kuchangia, ingawa kwa haki ni juu ya mwenye nyumba. Kidude kilicho cha kawaida hukata kwenye miliamp 30, karibu sehemu moja ya nane ya stima inayowasha balbu ya wati 60. Fyuzi ya plagi ni ya amp 13. Hiyo yalinda waya usiungue, haimlindi mtoto wako.

Kabla fundi hajaja, chomoeni chombo kinachowasha, na msichokoe tundu la juu la soketi kwa kijiti ili plagi ya miguu miwili iingie. Waya wa kuanikia nguo usifungwe kwenye mabati, tumieni kamba.

Na mtu akishikwa, jamani, asivutwe kwa mkono. Zima meni swichi kwanza. Ikiwa ni mbali, simama juu ya kitu kikavu, umsukume kwa mpini mkavu wa ufagio. Asipopumua, anayejua huduma ya kwanza aanze papo hapo. Akiamka na kusema amepona, bado apelekwe hospitali, maana moyo huweza kusumbua baadaye.