Kuchapisha Picha Nyumbani: Mazungumzo Yaliyotolewa Siku ya Huduma ya Kata



Nimeombwa nizungumzie namna ya kuchapisha picha nzuri nyumbani. Naomba nianze na ile niliyoiharibu kwa mikono yangu.

Marehemu mama yangu aliacha picha moja tu inayomwonyesha akicheka. Ilipokaribia arobaini yake niliichapisha kwa haraka, kwenye karatasi ya kawaida, nikaitundika mkabala na dirisha la mashariki. Jua likaipiga kila asubuhi, na uso ukafifia hadi nikaona haya mbele ya wageni. Nilipoitafuta picha ya asili, simu ilikwisha kufa. Iliyosalia ni nakala niliyowahi kumtumia dada yangu kwa WhatsApp.

Kosa la kwanza lilikuwa karatasi. Karatasi ya kawaida hunywa wino, nao husambaa katika nyuzi zake, rangi zikapoa. Karatasi ya picha ina utando unaoushika wino juu. Aghalabu utando huo uko upande mmoja tu, basi uangalieni kabla ya kuipakia. Kisha iambieni printa, katika mipangilio yake, kwamba hiyo ni karatasi ya picha. Msipofanya hivyo itamwaga wino kana kwamba inachapisha barua. Na karatasi iliyotengenezwa kwa printa za wino wa maji msiitie kamwe katika printa ya leza. Joto lake laweza kuyeyusha ule utando na kuiharibu mashine.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Picha nzuri huhitaji takribani nukta 300 kwa kila inchi, yaani picha ya inchi 4 kwa 6 yataka pikseli 1200 kwa 1800. WhatsApp huibana picha tunapoituma kwa njia ya kawaida, na kilichobanwa hakirudi hata ukikuza namna gani. Mwombeni ndugu aliye mbali aitume kama hati, siyo kama picha.

Wengi hulalamika kuwa picha imetoka na giza. Kioo cha simu kina mwanga wake. Karatasi haina ila ule unaoiangukia. Ongezeni mwangaza kidogo, mjaribu kwanza kwenye kipande kidogo.

Kwa picha za pasipoti, ulizeni vipimo katika ofisi husika kabla ya kuchapisha. Chagueni ukubwa halisi, kwa maana printa hupenda kunyoosha picha ijaze karatasi, kisha pimeni kwa rula. Nauli ya kurudishwa dirishani ni ghali kuliko karatasi.

Je, kila nyumba inunue printa? La. Printa ya wino isiyotumika huziba matundu yake, na kuisafisha hula wino uleule mlioulipia. Anayechapisha picha tano kwa mwaka na aende studio. (Najua mtasema napigia debe duka langu, hata hivyo hesabu ni hiyo.) Familia tatu au nne zinazotumia printa moja kila wiki, hizo zitafaidika.

Picha ikishatoka, iacheni ikauke kabla ya kuipanga juu ya nyingine. Katika fremu, wekeni ukingo wa kadibodi ili isigandamane na kioo, na mwitundike mahali ambapo jua halifiki.

Ile nakala ya dada yangu niliichapisha upya, ndogo kama kiganja, kwa kuwa haikuweza kubeba ukubwa zaidi. Imetundikwa ukumbini, mbali na dirisha.

Leo nimekuja na printa na karatasi, nipo chini ya mwembe hadi saa kumi. Mwenye picha ya mzee wake kwenye simu, aje nayo.