Magugu Yatoka Wapi Baada ya Kulima?

Hotuba ya Katibu katika sherehe za kutimiza miaka kumi ya Chama



Nimepewa nafasi ya kusema machache, nami nimechagua lalamiko ambalo kwa misimu miwili limefika mezani pangu mara nyingi kuliko hata lile la mizani. Wanachama wasema kwamba trekta la Chama limewaletea magugu. Mwaka wa kwanza shamba lilikuwa safi. Mwaka wa pili mtu akalipia trekta tena, mvua zikanyesha, na mchicha wa porini ukaota kana kwamba umepandwa. Sikucheka, kwa maana shamba langu lilifanya vivyo hivyo, nikalipa vibarua wa palizi mara tatu.

Trekta halikuleta mbegu. Zilikuwamo. Mchicha mmoja ulioachwa ukakomaa huangusha maelfu ya mbegu, nazo ni ndogo mno, zenye akiba ndogo ya chakula. Mbegu iliyo chini kwa inchi moja au pungufu, mche wake hufika juu. Iliyofukiwa inchi sita haufiki. Lakini msidhani kwamba imekufa. Mbegu nyingi za namna hii zikikosa mwanga hulala tu. Mwaka 1879, katika jimbo la Michigan, Marekani, Profesa William James Beal alifukia chupa 20 zenye mbegu za mimea mbalimbali pamoja na mchanga. Chupa mojawapo ilifukuliwa mwaka 2021, tena usiku, ili mwanga usiziguse mbegu mapema. Baada ya miaka 142, baadhi zikaota! Nasi leo twasherehekea miaka kumi.

Basi mwaka wa kwanza plau iligeuza udongo, ikazizika mbegu za juu, nasi tukalisifu trekta. Mwaka wa pili plau ile ile, kwa kina kile kile, ikazirudisha nyingi juu. Zikaonja mwanga, hata ule wa kupita tu bonge linapogeuka, zikapata joto la mchana na baridi ya usiku, zikaamka.

Kwa hiyo, shamba likilimwa kwa kina mara moja, misimu ifuatayo yafaa kulimwa juu juu, inchi mbili hivi. Mbegu zinazobaki juu, nyingi huliwa na sisimizi na ndege. Tena, mwenye nafasi na aache mvua za kwanza ziotesha magugu, kisha ayaparue kwa jembe kabla ya kupanda, bila kuchimbua udongo mpya. Nasema mwenye nafasi, kwa kuwa mahali penye mvua fupi kungoja ni hasara kubwa kuliko magugu yenyewe. Nayo ndago si ya hesabu hii: huzaana kwa viazi vyake vidogo, na plau huvitawanya.

Kosa letu kubwa ni lile la baada ya mavuno, tunapoyaacha magugu yakomae kwa kuwa mazao yamekwisha kutoka.

Hivi sasa kitabu cha maombi ya trekta chaandikwa jina na idadi ya eka tu. Nimeiomba Halmashauri iongeze safu ya kina, mwanachama aijaze mwenyewe, na dereva aisome kabla ya kuwasha mtambo.