Guna Tatu na Amani ya Nyumbani
(Hotuba iliyotolewa ukumbini, Mbeya, siku ya maadhimisho ya hekalu)



Tumeombwa tuseme machache juu ya hulka za watu na maelewano ya nyumbani. Jambo hili si geni. Majirani zetu Wakristo, katika semina za ndoa, husikia habari za hulka nne zilizotokana na elimu ya matabibu wa Kiyunani wa kale. Mwaka 1921 Carl Jung, mwanasaikolojia wa Uswisi, alitoa kitabu kilichowapambanua watu wanaoelekea nje, kwa wenzao, na wanaoelekea ndani, katika fikra zao. Sisi tunayo Bhagavad Gita, ambayo katika sura ya 14 inaeleza guna tatu: satva, yaani utulivu na nuru, rajas, yaani hamu na pilikapilika, na tamas, yaani uzito na uzembe.

Wengi wetu tumezisikia guna hizi tangu utotoni, lakini tumezigeuza kuwa majina ya kuwapachika wenzetu. Tuungame kosa letu wenyewe.

Tulikuwa na duka hapa Mbeya, na mtoto wetu wa pili hakulipenda. Asubuhi za Julai, baridi ilipouma, sisi tulikuwa tumekwisha kufungua milango, naye bado amejifunika blanketi. Mbele ya wateja tukamwita "tamas". Jina hilo likamganda. Hata wadogo zake wakamwita hivyo. Mwishowe akaondoka kwenda Iringa kwa bibi yake, na kwa miezi minane hakupokea simu zetu.

Tulipomfuata wakati wa Diwali, tulimkuta uani akimsomea bibi gazeti, polepole, akingoja kila alipokatizwa kwa swali. Bibi alitueleza kwamba kijana huyo huamka kabla ya alfajiri ili kumpa dawa. Tuliona haya. Usiku tulimwuliza kwa nini alitukimbia. Akajibu, "Baba, dukani mlikuwa mkiniamuru tu. Hakuna aliyeniuliza neno."

Njia nzima ya kurudi, kupitia Mafinga, Makambako na Igawa hata tukafika Uyole, tuliyawaza maneno hayo. Kumbe rajas yetu, tuliyoiita bidii, ndiyo iliyotuziba macho. Gita inafundisha kwamba guna zote tatu zimo ndani ya kila mtu, nazo hushindana: sasa hutawala hii, baadaye ile. Hakuna kiumbe aliyeepukana nazo, duniani wala mbinguni. Hata satva ni kamba, kwani humfunga mtu kwa furaha na elimu yake. Arjuna alipouliza dalili za mtu aliyezivuka guna, hakupewa kipimo cha kuwahukumia wengine. Aliambiwa habari za mtu anayebaki sawa, akiheshimiwa au akidharauliwa.

Basi tunashauri mambo matatu. Kwanza, kila jioni kabla ya arati, kila mmoja wetu ajiulize: leo nimetawaliwa na guna ipi? Pili, kabla ya kumkemea mwenzako, muulize, kisha usubiri jibu. Tatu, tukumbuke nidhamu ya ulimi iliyotajwa katika sura ya 17: maneno yawe ya kweli, yasiyochoma, yapendezayo na yenye manufaa. Ukweli peke yake hautoshi.

Kijana wetu hakurudi dukani, nasi hatukumlazimisha. Leo yumo ukumbini humu, miongoni mwa wageni wa Iringa. Jina lile tulimpachika mbele ya watu. Kwa hiyo mbele ya watu tunamwomba radhi.

 Om shanti.