Ndugu yuko angani: tusubiri simu yake kwa muda gani?

Leo tunajibu swali ambalo akina mama huniuliza hata kwenye foleni ya maji: ndugu yangu akipanda ndege Nairobi kwenda Marekani, nisubiri muda gani ndipo nipate habari zake?

Tuchukue mji wa New York. Kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta hadi uwanja wa John F. Kennedy ni karibu kilomita 11,800. Ndege kubwa ya abiria hukimbia karibu kilomita 900 kwa saa. Ukigawanya unapata saa 13. Lakini mwendo huo ni wa kule juu tu. Ikiruka na ikikaribia kutua huenda polepole zaidi. Tena kule juu mara nyingi kuna upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Anayekwenda Marekani anakutana nao usoni. Anayerudi unamsukuma mgongoni. Kwa hiyo ndege ya moja kwa moja, ambayo Kenya Airways waliianza Oktoba 2018, huchukua kama saa 15 kwenda na saa 14 kurudi.

Lakini wengi hubadilisha ndege njiani. Akipitia Doha, atakwenda kama kilomita 3,400 kwa saa 5, halafu kama kilomita 10,800 kwa saa 14. Hizo ni saa 19 angani. Ongeza kusubiri Doha, foleni ya ukaguzi New York, na pengine ndege ya tatu ya kumfikisha mji atakaoishi. Siku nzima inaisha, na zaidi. Muda huo wote simu yake inaweza kuwa imezimwa, au laini yake haishiki. Kwa hiyo ukimya wa siku moja na nusu usikunyime usingizi.

Sasa tuangalie saa. Wakati wa baridi, New York iko nyuma yetu kwa saa 8. Wakati wa joto ni saa 7. Ndege ya moja kwa moja ikiondoka Nairobi saa sita usiku mwezi wa Januari, itatua hapa kwetu ikiwa saa tisa alasiri. Kule ni saa moja asubuhi, tarehe ileile. Na wewe ukimpigia saa mbili asubuhi, unamwamsha saa sita usiku. Mpigie saa kumi na moja jioni. Kwake ni saa tatu asubuhi.

Jihadharini na jambo moja. Matapeli wanajua kwamba mna wasiwasi. Mtu akikupigia kwa namba usiyoijua akisema, "Ndugu yako amekwama uwanjani, tuma pesa haraka," usitume. Kata simu.

Kabla ndugu hajaondoka, andikeni kwenye karatasi: atapitia wapi, namba ya kila ndege, na saa ya kufika kwa saa za kule na za hapa. Karatasi hiyo ibaki nyumbani. Siku mbili zikipita baada ya saa ya kufika bila habari, ipeleke kwenye ofisi iliyoshughulikia safari yake, uulize.

Nawatakia safari njema wanaoondoka, na subira njema tunaobaki. Kwaherini.