Kabla ya kuuliza nani afutwe kazi

Nazungumzia makosa ya upasuaji leo, kwa sababu kila yanapotokea mjadala wetu hukimbilia swali moja tu: nani afutwe?

Mnakumbuka 2018, Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Wagonjwa wawili. Mmoja alikuwa na damu iliyoganda ubongoni, alihitaji kupasuliwa. Mwingine alikuwa na uvimbe wa kutibiwa bila kisu. Aliyefunguliwa kichwa ni huyu wa pili, na madaktari waligundua saa kadhaa baadaye, walipotafuta ile damu wakaikosa. Daktari wa upasuaji, mtaalamu wa nusukaputi na wauguzi wawili wakasimamishwa kazi, mkurugenzi mkuu akapelekwa likizo ya lazima. Madaktari wenzao wakapinga. Sisi huku tukagawanyika, wa kumtetea daktari na wa kumlaani, wiki mbili tatu hivi, kisha kimya.

Mimi naona tuliuliza swali dogo. Mgonjwa alitoka wodini, akapokelewa thieta, akalazwa mezani, akapewa nusukaputi. Katika mikono yote hiyo, ni wapi mtu alipaswa kusimama na kuhakikisha kwa sauti: huyu ni nani, na tunampasua wapi?

Jibu lipo tangu 2008. Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi yenye mambo 19, ukurasa mmoja tu. Mengine huulizwa kabla ya nusukaputi, mengine kabla ya ngozi kukatwa, na kabla mgonjwa hajatoka thieta, vyombo na pamba vinahesabiwa. Ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, mojawapo ya jirani zetu Ifakara, Tanzania. Matokeo yalichapishwa 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Karatasi, jamani! Kwa hivyo mwanasiasa akiniambia shida ni bajeti pekee, namsikiliza nusu. Nusu, kwa sababu muuguzi aliyechoka huruka hatua, na kuajiri wauguzi ni pesa.

Na wewe unayeingia thieta wiki ijayo? Ukiitwa jina, usijibu "ndio" tu. Taja majina yako yote mwenyewe, na upasuaji uliojia. Soma kile kibandiko cha mkononi. Kama ni goti la kushoto, omba lichorwe alama ukiwa macho. Sema dawa unazotumia na zinazokudhuru. Fomu ya idhini usiitie sahihi mbio mbio. Sheria ya Afya ya 2017 inakupa haki ya kuelezwa matibabu na hatari zake kwa lugha unayoielewa. Daktari akikasirika, akasirike. Mgonjwa asiyejitambua asemewe na ndugu yake.

Mambo yakiharibika, Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno hupokea malalamiko. Andika tarehe na majina mapema, kumbukumbu hupotea.

Sasa siasa. Tangu 2013 hospitali za kaunti ziko chini ya kaunti. Kenyatta ni ya serikali kuu. Ukichanganya hizo mbili, kila mmoja anamrushia mwenzake mpira. Mgombea ugavana akija kwenu, muulize: katika hospitali yetu ile orodha hujazwa kwa kila mgonjwa? Nani huikagua? Makosa ya mwaka jana yaliandikwa wapi?

Haya, maswali.